Kilo Tisa za Kibonge

6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua Jumanne na Ijumaa mashine ya kusafisha damu inakukalisha hata kama hutaki. Sisi huku hatujambo. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo kama kalinunua. Mdogo ameanza kutembea, yaani anaanguka kutoka kiti hadi kiti. Wifi yako anakusalimu, ana mafua kidogo.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikitaja figo tu, wewe unasema mtandao mbovu. Basi dereva wa lori la unga akitoka hapa bekari anapitia kwenu, nimekubaliana naye awe tarishi wetu. Karatasi haina mtandao mbovu.

Majibu ya vipimo vya kukupa figo yangu moja yametoka. Damu zetu zinakubaliana, figo zangu zote mbili nzima, moyo mzima. Kinachonikwamisha ni mwili. Nina kilo mia moja na nne, na hawanipasui mpaka nifike tisini na tano. Kilo tisa, Dada! Mimi nabeba gunia la hamsini begani, nikacheka moyoni kwamba tisa ni nini.

Wakanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mwenye miwani mikubwa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza: naoka mikate, nakanda unga, nabeba magunia, nasimama tangu alfajiri hadi mchana. Akabonyeza kikokotoo, akasema mwili wangu unachoma kalori elfu mbili na mia sita kwa siku. Nile elfu mbili tu. Mia sita zinazopungua, mwili utazitafuta kwenye mafuta yake wenyewe. Aliongea upesi, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa. Kalori ni kitu gani hasa? Mkate nikiuweka kwenye mizani naona gramu, kalori zake nazionea wapi? Na tangu lini upungufu ukawa jambo jema, wakati mimi na wewe tulikua tukiukimbia? Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Nieleze kama ulivyonifundisha robo na nusu kwa kukata andazi, ukala robo tatu wewe.

Mdogo wako,
Kibonge

21 Februari

Mdogo wangu Kibonge,

Marahaba. Barua nimeipata hapa hapa kwenye kiti. Mkono wa kushoto uko kwenye mashine, wa kulia uko huru, ndiyo maana mwandiko bado unajiweza. Simu haturuhusiwi humu ndani. Nashukuru, maana kwenye kiti cha jirani yupo fundi saa mstaafu ambaye angeimaliza siku nzima akiongea nayo. Anadai saa ya ukutani inachelewa makusudi ili tukae sana, na anasubiri nesi atoke aishushe aifungue.

Mbusu huyo wa pengo. Na wifi anywe kitu cha moto. Anasemaje kuhusu jambo hili lako? Hukuniambia.

Haya, kalori. Ni kipimo cha moto, basi. Oveni yako inataka kuni. Chakula ni kuni, mwili ni oveni, kalori ndiyo namna ya kusema kuni hizi zinatoa moto kiasi gani. Ukileta kuni pungufu kuliko oveni inavyotaka, oveni haizimiki. Inakwenda kuchukua zilizorundikwa stoo. Stoo yako ni hicho kitambi, na huo ndio upungufu wanaoutaka.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Elfu mbili ndicho chakula chako. Lakini wewe si karani wa kukaa kwenye kiti, unafanya kazi ya nguvu. Kwenye simu yako weka ile programu inayohesabu mtu anavyojishughulisha. Kila jioni itakuambia umechoma ngapi kazini. Hizo ni jasho lako, zirudishe. Ziongeze juu ya elfu mbili uzile zote, usije ukaanguka mbele ya moto. Usijinyime hata moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo sasa anakimbia, tumefunga kamba mlango wa jikoni. Mafua ya wifi yako bado yapo yapo.

Mwalimu, nimechanganyikiwa. Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Naandika kila kinachoingia mdomoni, hata ncha za mikate zilizoungua ambazo zamani nilizitafuna bila kujijua. Wifi yako ndiye aliyenistua: "Na hizo je, unamtafunia nani?" Haba na haba hujaza kibaba, nikaziingiza nazo. Simu naiweka mfuko wa aproni, jioni inaniambia leo mia tano na hamsini, leo mia sita, na siku ya lori mia saba. Naongeza, nakula, nalala na amani.

Wiki ya kwanza nikashuka kilo mbili! Nikawanunulia vijana wote wa bekari soda, mimi nikanywa maji. Wiki ya pili zikarudi zote mbili, zimepumzika. Nikasema mizani ya unga ndiyo inayosema uongo. Nikapandisha gunia ambalo halijafunguliwa: hamsini kamili. Nikapanda mimi: mia moja na nne. Mizani ni nzima, Dada, mbovu ni mimi.

Nakula kwa hesabu, nafanya kazi kwa hesabu, na jibu ni lile lile la Februari. Kuna kitu nimekiruka? Ni chumvi? Ni umri? Binti wa miwani alisema nusu kilo kwa wiki, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nisalimie fundi saa.

Kibonge

4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua, na paa la chumba changu limekumbuka lile tundu lake. Nimeweka ndoo, nasikiliza tone tone kama niko darasani na saa.

Zile kilo mbili zilikuwa maji, usiziwekee matanga. Mwili ukibadilishiwa chakula unaachia maji, ukizoea unayashika tena. Mtu akila chumvi nyingi jana, leo mizani inamsema vibaya bure. Jipime asubuhi kabla ya kula, andika, halafu tazama wastani wa wiki. Siku moja haisemi kitu.

Mengine ni subira. Hayo ya kazini usiyapunguze hata kidogo, nakusisitiza. Mwanamume mwenye watoto wawili wadogo hajinyimi chakula.

Fundi saa anakusalimu. Ana mtoto wa kiume mwenye nguvu kama wewe, aliyepimwa na kukubalika. Kijana anakuja kila mwezi kumbembeleza, na mzee kila mwezi anamwambia, "Nenda kafanye kazi." Sijawahi kuona mtu mwenye msimamo kama yule. Nampenda kwa hilo.

Hujanijibu kuhusu wifi.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wifi yako hajambo, mafua tu. Watoto wanakula.

Mia moja na tano! Nimeongezeka. Sasa sielewi kabisa, naona hata namba zenyewe zinanicheka. Baada ya barua yako niliona bora nikazane, nikaanza kukimbia kabla ya kazi, nazunguka uwanja wa shule mbwa wakinisindikiza. Simu ikafurahi, ikasema mia tisa. Nikala hizo mia tisa kama ulivyoagiza, ingawa tumbo lilikuwa limekataa. Kadiri ninavyokimbia ndivyo ninavyotakiwa kula. Ndiyo mazoezi gani haya?

Dada, hospitali walinipigia kuuliza kilo zangu. Nilipozitaja, daktari akasema mshipa wa mkono wako wa kushoto umeanza kuziba na kwamba muda wa mgonjwa wangu si wa kuchezea. Mbona hukuniambia? Unaniandikia habari za paa na ndoo, mkono unauficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wewe ndiye uliyenifundisha.

Naogopa. Naogopa kwamba utaondoka kwa sababu mimi nimeshindwa kukonda. Nitamwambia nini mtu? Kwamba dada yangu alikufa kwa kitambi changu? Nieleze nakosea wapi. Nieleze hata kwa kunitukana.

Msalimie fundi saa, mwambie nami sasa saa yangu inachelewa.

Kibonge

23 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo naandika kifupi, mkono wa kulia nao umechoka, na kiti cha jirani kiko wazi.

Hujakosea popote. Umejaribu miezi mitatu, labda haikuandikwa. Watu wanaishi na mashine hizi miaka na miaka. Acha kupimana na magunia, kula chakula chako, lea watoto. Hilo ndilo ninalolitaka, na mkubwa akisema, mdogo hunyamaza.

Dada yako

10 Juni

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, na habari nyingine za nyumbani nitazileta baadaye, kwa sababu nina swali la kukuuliza na nikilichelewesha litanishinda.

Nilirudi kwa binti wa miwani. Nilikwenda na wifi yako, kwa sababu mimi peke yangu ningetikisa kichwa tena. Nikamweleza ninavyohesabu. Aliponisikia nikisema "halafu naongeza za kazini," akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Nani kakufundisha kuongeza?"

Akachukua vikombe vya chai vya pale ofisini. Kikombe cha kwanza akasema ni mwili wangu kupumua na kulala tu. Cha pili, kazi ya bekari. Akavisogeza pamoja: "Hivi viwili ndiyo elfu mbili na mia sita. Kazi yako imo humu tayari. Ndiyo maana nilikuuliza kazi kwanza." Kisha akakitoa kile cha kazi, akakirudisha kwenye sahani yangu ya chakula. "Wewe umehesabu kikombe hiki mara mbili. Mwili unachoma elfu mbili na mia sita, na wewe unakula elfu mbili na mia sita. Upungufu wako ni sifuri. Ungeendelea hivi mpaka uzeeke." Akaongeza kwamba simu nayo inatia chumvi, hizo mia tisa za kukimbia huenda hazikufika hata nusu.

Wifi yako akasema, "Aliyemfundisha ni dada yake. Mwalimu wa hesabu." Binti akaokota kalamu yake, akaniandikia tarehe ya kurudi. Tukatoka.

Dada, barua yangu ya kwanza nilikueleza kwamba aliniuliza kazi kabla hajabonyeza kikokotoo. Lilikuwa limeandikwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukitugongea ubao: "Soma swali mara mbili!" Umesahihisha madaftari ya watoto wa watu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sijawahi kusikia mtu akisema umekosea kujumlisha. Nimejaribu wiki nzima kuamini kwamba umekosea. Imenishinda.

Nimesikia la mkuu na guu limevunjika vilevile. Kwa nini?

Kibonge

25 Julai

Dada,

Shikamoo. Dereva anasema barua aliitia mkononi mwako mwenyewe, ukamshukuru, ukamwambia hakuna majibu. Lori limekwenda na kurudi, linakuja na unga tu. Simu hupokei. Nesi kaniambia unakuja siku zako zote, mshipa wa mashine wamekutengenezea mwingine, mkono wa kulia. Nikadhani labda ndiyo sababu huandiki, nikafurahi kuwa na sababu ya kuamini.

Nakula elfu mbili, siongezi kitu. Bado wiki nyingine sielewi: naweza kula sawasawa siku saba mizani ikagoma, halafu siku ya nane ikaporomoka bila kuniaga. Natazama wastani, hilo ulinifundisha kweli. Asubuhi hii ni mia moja na moja.

Sijakasirika. Nilikasirika, sasa nina wasiwasi tu.

Kibonge

15 Agosti

Kibonge,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko. Sasa wa kulia ndio uko kwenye mashine, nakuandikia na huu wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanafunzi wangu angeandika hivi ningemrudishia daftari.

Umeniuliza kwa nini. Sikukosea. Nilikokotoa vizuri kabisa. Nilitaka jibu liwe sifuri, likawa sifuri. Na usitegemee nikuombe radhi kwa hilo.

Hukumbuki ulivyokuwa. Mama alipotutoka ulikuwa mchanga, mwepesi kiasi kwamba majirani walikuwa wakikushika kwa kuogopa. Walisema mbele yangu, kana kwamba sina masikio, kwamba huyu hapiti mwaka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nilikunywesha maziwa kwa kijiko, ukitapika naanza upya. Siku mashavu yako yalipoanza kujaa nilikubeba mtaa mzima ili wakuone, na jina la Kibonge nilikupa mimi, kwa majivuno. Kila kilo iliyo mwilini mwako naijua ilikotoka. Halafu mtu ananiandikia nimsaidie kuziondoa, ili apasuliwe, kwa ajili yangu! Na watoto wako je, nani atawanywesha kwa kijiko? Wewe ndiwe kitu pekee nilichowahi kukifanya kikakamilika. Sikutaka kukila.

Ningeendelea kukuandikia subira mpaka mwisho. Kilichonizuia ni fundi saa. Alifariki mwezi wa tano, hukuniuliza tena na mimi sikutaka kusema. Mwanawe alikuja kuchukua ndara zake na blanketi. Akakaa kwenye kile kiti kitupu, mtu mzima na ndevu zake, akaniuliza, "Mama, mzee aliwahi kukuambia kwa nini alinikataa? Alinionaje?" Mimi niliyemsifu mzee kila Jumanne nilikosa la kumjibu. Akanisubiri. Akaondoka na ndara mkononi bila jibu, na tangu siku ile namwona ana sura yako.

Sijui lililo sawa. Nimefundisha miaka yote kwamba kila swali lina jibu moja, na hili nalipindua huku na huku silioni. Niambie wifi anasemaje. Safari hii usinitajie mafua.

Dada yako

29 Oktoba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nilichelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na kitu cha kusema. Mdogo amejua kusema "hapana" na analitumia kwa kila jambo, nadhani kalirithi kwenye ukoo wetu. Mkubwa meno yameota, pengo limekwisha na heshima yake nayo.

Mafua ya wifi yako hayakuwa mafua. Alikuwa analia. Tangu siku majibu yalipotoka alilia jikoni, akiniona anapenga kamasi anasema hali ya hewa. Nami nikakuandikia mafua, kwa sababu nilijua ukisikia analia utapata kisingizio. Kwa hiyo tusilaumiane sana, sote wawili tumeficha. Barua yako nilimsomea. Nilipofika kwenye kijiko alichukua karatasi akamalizia mwenyewe. Akasema, "Huyu mwanamke alikulea ili uwe na kitu cha kutoa." Tangu hapo ndiye anayepima chakula changu, na ni mkali kuliko wewe na binti wa miwani mkichanganywa.

Umeniita kitu ulichokifanya kikakamilika. Dada, mimi si kitu ulichokiweka kabatini. Usiponiruhusu, nitakuwa yule wa ndara, na nitabaki kujiuliza uliniona mdogo kiasi gani. Naogopa kisu, sikufichi. Usiku mwingine naogopa mpaka natoka nje kukaa kizingitini. Lakini naogopa zaidi kiti kikiwa wazi.

Jana nimepanda mizani ya hospitali, si ya unga. Tisini na nne na nusu. Suruali zangu zote sasa ni za mtu mwingine, aproni inanizunguka mara mbili. Daktari ametia sahihi. Wanataka nilale hospitalini tangu Jumatatu ya tarehe kumi na saba Novemba, kwa hiyo Jumapili nitakuwa mlangoni kwako na begi. Nitakuja na lori la unga. Usipofungua, nitakaa nje na dereva, na unajua anavyopiga honi.

Mdogo wako,
Kibonge (ingawa jina sasa halinitoshi)

8 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Jina ni lile lile. Mimi ndiye niliyelitoa, na sijalichukua.

Nimeziba tundu la paa, kitanda chako ni kile cha dirishani. Najua Jumatatu watakunyima chakula huko, wana sheria zao. Kwa hiyo Jumapili utakula kwangu kwanza, mezani, mbele ya macho yangu. Maziwa yatakuwa jikoni, na kijiko nimekitafuta nikakiona.

Njoo. Na siku hiyo usihesabu.

Dada yako